Sahani ya Mikaeli

Jumatatu, 2 Juni. Queensbury

Macho ya watu tangu asubuhi. Dukani kwetu Kenton, Jumatatu ni siku ya wazee. Wanakuja na wake zao, na kikohozi chao, na miwani iliyofungwa kwa selotepu. Nawaambia watazame juu, chini, kushoto. Nachungulia ndani ya jicho, lile duara la rangi ya chungwa, mishipa kama mito kwenye ramani. Sifikirii kitu. Ndiyo maana naipenda kazi hii.

Leo nimefikiri. Kila jicho lilikuwa la Baba.

Bwana Harish, mwenye duka, alizaliwa Kisumu na Kiswahili chake hakijahama huko. "Enda Ugiriki, enda," akasema. "Lakini hawa wazee watalia. Wanataka wewe. Mimi wanasema nawapulizia kitunguu usoni." Nikacheka. Sikumwambia ni kisiwa gani. Sikumwambia kwa nini.

Naondoka keshokutwa. Begi bado tupu.

Jumanne, 3 Juni. Thamesmead

Kwa wazazi. Baba kwenye kiti chake cha dirishani, anapumua kama mtu anayepanda kilima, na hajasogea tangu asubuhi. Mlango mmoja wa moyo umechoka kufunga, ndivyo daktari alivyotueleza. Watampasua Jumatano ya wiki ijayo.

Nimeandika mara nyingi juu ya Baba na sijawahi kuandika hili. Babu yangu alikuwa Mgiriki. Alikuwa na shamba la kahawa chini ya Machame. Bibi aliishi naye bila ndoa ya kanisani, akamzalia watoto wawili, Katarina kisha Baba. Mashamba yalipotaifishwa Mgiriki akarudi kwao. Akamchukua Katarina. Akamwacha Baba, mtoto wa miaka tisa. Basi. Hadithi yetu yote ni hiyo. Bibi alikufa bila kuongeza neno. Tulichokuwa nacho ni jina la kisiwa tu, Lemnos, na jina la mji, Mirina.

Baba alingoja Mama aende jikoni.

"Mama," akaniita, ndivyo anavyoniita mimi, "ukifika kule usitafute ugomvi. Uliza jambo moja. Baba yetu alitutazama sisi wawili akaona nini?"

Akanyoosha mkono kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza huku na huku. "Katarina alikuwa mweupe. Nakumbuka hivyo. Labda ndiyo hiyo tu."

Baba hajawahi kuniomba kitu. Miaka yote ile ya kuendesha basi, akirudi na miguu imevimba, hakuwahi hata kuniambia nimletee maji. Leo ameniomba.

Mama alinisindikiza hadi kwenye lifti. Akanishika kiwiko. "Nenda ukaogelee. Piga picha. Urudi. Usichimbue."

Nikamwuliza nisichimbue nini. Lifti ikafika, akanisukuma ndani kwa upole.

Jumatano, 4 Juni. Mirina

Ndege kubwa hadi Athens, kisha ndogo yenye mapanga. Upepo ulitupokea kama askari wa forodha, ukapekua kila kitu.

Mji ni mzuri. Nauandika uzuri wake kwanza ili nisije nikasahau kwamba niliuona. Ngome juu ya mwamba mweusi, bahari pande zote mbili za mwamba. Chini yake nyumba za mawe, vigae vyekundu, roshani za mbao zinazoinamia vichochoro. Mtaa wa maduka ni mwembamba, umetandazwa mawe yaliyolainishwa na viatu vya karne kadhaa. Paka kila mlango. Asali, jibini, sabuni, sponji.

Mimi ni mtalii. Nina kofia. Nina krimu ya jua. Simu yangu inanieleza nani alijenga ukuta na nani aliuteka.

Lakini bandarini kulikuwa na mwanamume anakunja kamba, kanipa mgongo, na shingo yake ilikuwa shingo ya Baba. Mikunjo ileile. Nilisimama hadi akageuka. Uso mwingine kabisa. Aliyeniletea chakula jioni alikuwa na masikio yangu. Sikula vizuri.

Nimepanga chumba kwa mama mmoja, Bi Fotini. Anaongea Kiingereza haraka na kwa mikono. Kioo cha chumbani ni cha zamani, kimeingia madoa. Nimekigeuzia ukutani. Sina sababu. Nimekigeuza tu.

Alhamisi, 5 Juni

Asubuhi nilipanda ngomeni. Humo ndani wamo paa, wenye madoa meupe mgongoni. Wanaishi kati ya magofu kama wenye nyumba. Mmoja alisimama juu ya ukuta uliobomoka akanitazama. Hakukimbia. Nilisogea, hakukimbia. Nilihisi kabisa, kwa ngozi, kwamba natazamwa na mtu anayenijua. Nilisoma sayansi. Niliogopa. Niliteremka upesi hadi nikateguka kifundo.

Bi Fotini alinifunga kitambaa mguuni. Akaniuliza asili yangu. Nikasema Tanzania. Akapiga makofi. Kumbe nao wanaye Mwafrika wao. Katerina. Ndivyo wanavyolitamka. Mjane, mtoto wake yuko Athens, nyumba yake ile pale chini ya mwamba. Hata mkono wake wa kulia haukuwa umemaliza kunionyesha, wa kushoto ulikwisha kunishika.

Nilidhani nitatafuta kwa siku nyingi. Nilikuwa nimejiandaa kushindwa. Sikuwa nimejiandaa kuvuka kichochoro kimoja.

Alikuwa amekaa kizingitini, nguo nyeusi, sinia mapajani, anachagua ngano. Kama mtu anavyochagua mchele kwetu, kidole kimoja kinasukuma, jicho halipepesi. Bi Fotini akabwata Kigiriki. Yule mama akainua uso.

Si mweupe. Ni rangi ya Baba. Rangi ileile, hakuna tofauti hata ya kikombe cha chai.

Nikasema shikamoo.

Kidole kikasimama juu ya ngano. "Marahaba," akasema. Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyetokwa na ndege kinywani.

Kiswahili chake ni cha mtoto. Kiligandia pale alipokiacha. Anajua maneno ya kufukuza kuku. Anajua kuringa na kususa. Hajui kusema "mjane," alisema "bwana yangu amekwisha." Alinigusa shavu, akanigusa sikio.

"Wewe toka wapi?"

"Moshi."

"Mimi Machame. Baba yako nani?"

"Dereva wa basi," nikasema.

Ni kweli. Ni kweli na ni uongo. Nilitaka kwanza kumwona. Nilitaka kujua ni mtu gani kabla hajajua mimi ni nani. Najidharau kidogo.

"Kesho njoo," akasema. "Napika ngano. Wewe koroga. Mikono yangu imezeeka, inalia."

Ijumaa, 6 Juni

Sijui niandikeje leo. Naanza na ngano.

Kesho ni siku ya wafu. Si msiba wa mtu mmoja. Ni Jumamosi ya wafu wote, na mji mzima unachemsha ngano. Nyumba hadi nyumba, mvuke madirishani. Inachemshwa, inatandazwa juu ya kitambaa ikauke, inachanganywa na zabibu kavu, lozi na mdalasini. Juu yake unga uliokaangwa, kisha sukari nyeupe, inashindiliwa kwa karatasi hadi ilale kama sanda. Neno hilo lilinijia lenyewe. Sanda. Mwisho msalaba wa pipi ndogo za fedha, na herufi ya jina la marehemu.

Nilikoroga. Nilifurahi, naungama. Alikuwa akiimba mchezo wa kuruka kamba, nusu maneno ameyasahau. Alinipiga kofi la mkono nilipoonja. "Mwizi wewe. Ya wafu hailiwi kabla ya wafu."

Sahani tatu. Akazipanga.

"Hii ya Baba. Hii ya bwana yangu. Hii ya ndugu yangu mdogo. Alikufa kule. Homa."

Akaanza kupanga pipi kwenye sahani ya tatu. Herufi M.

"Aliitwa Mikaeli," akasema.

Niliendelea kushindilia sukari. Mikono yangu iliendelea. Nilisikia sauti yangu ikiuliza alikufaje.

Katerina mwenyewe alikuwa shule ya bweni, Arusha. Baba yao alikuwa Dar es Salaam, anahangaikia pasipoti. Alipopata, akampitia yeye bwenini, wakaenda pamoja kumchukua Mikaeli. Walimkuta mama yao uani, kichwa kimenyolewa. Akawaonyesha tuta la udongo mbichi migombani. Baba yao alipiga magoti na suti yake. Mama yao akajitupa juu ya tuta akaupiga udongo kwa ngumi, akalia hadi akakosa sauti.

"Tiketi zilikuwa mbili za watoto," Katerina akasema. "Kwenye ndege kiti cha Mikaeli kilikuwa wazi. Hadi Athens. Baba alikifunga mkanda."

Nikamwuliza kama mama yake alimuaga. Akapangusa meza, ingawa ilikuwa safi.

"Hapana. Alisimama. Alilia Mikaeli. Mimi hakulia. Niliingia gari, yeye kaangalia gari kama inapakia magunia."

Nikasema kichwa kinaniuma. Nikatoka.

Nilimpigia Mama simu kutoka ukuta wa bahari. Nikamwuliza kwa Bibi, migombani, kuna kaburi la nani.

Akasema, "Nilikwambia usichimbue."

Bibi alimweleza yeye, mkwe, akiwa mgonjwa wa mwisho, Mama akimwogesha. Alimwapisha. Mgiriki alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja kuchukua watoto wote. Bibi akampeleka Baba kwa dada yake Rombo. Akanyoa kichwa. Majirani aliwaambia ni chawa. Akakata mgomba, akauvisha shati la Baba, akauzungushia shuka, akauzika. Majirani aliwaambia amezika mbwa wa Mgiriki.

Kwetu mgomba huzikwa mtu anapopotea na mwili wake usionekane. Ndugu wapate mahali pa kulilia. Na mtu huyo akija kurudi mzima, kaburi hufukuliwa, mbuzi huchinjwa, watu wanacheka na kulia. Haliachwi hivihivi. Bibi aliliacha. Angelifukua angejulikana.

"Baba yako ana kaburi," Mama akasema. "Tangu mtoto. Mimi nalala na mtu mwenye kaburi, na Jumatano wanampasua. Sasa umejua. Umefurahi?"

Sikufurahi. Naogopa. Mama ni mtu wa kwaya, muuguzi wa wazee, hana mchezo na ushirikina. Na ndiye aliyesema hayo.

Jumamosi, 7 Juni

Kanisa limejaa. Moshi wa ubani, wanawake wenye nguo nyeusi, sahani zimepangwa mezani mbele ya padri, kila moja na mshumaa wake. Katerina alinishika mkono kama mtoto wa nyumbani.

Padri alisoma majina. Mengi, haraka, bila pumzi, jina linasukuma jina. Nilikuwa najua litakuja na bado lilinipiga. Mihail. Akapita akaendelea na wengine. Katerina akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilimwona Baba dirishani kule Thamesmead, mkono wake kwenye mwanga, na mtu anamwita huku, kila mwaka, na kila mwaka labda anageuka kidogo.

Uani waligawa. Katerina alinipa mimi kwanza, kiganjani, kutoka sahani ya M. Alikuwa anatazama. Nikala. Tamu, ngumu kidogo, mdalasini. Nilimeza ngano ya baba yangu aliye hai.

Nikamwambia hapohapo, karibu na bomba la maji. Sikupanga maneno. Nilisema Mikaeli hakufa. Nilisema ni baba yangu. Nilisema mgomba.

Hakunielewa. Nikarudia polepole. Nikamwonyesha picha kwenye simu, Baba na keki ya siku ya kuzaliwa, anacheka mdomo umefungwa. Aliitazama. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, macho yake yanahitaji miwani mingine. Kisha akanipiga kifuani kwa kiganja. Si kwa nguvu. Mara ya pili kwa nguvu.

"Sasa miaka yote nimelisha nani?" akauliza.

Watu walikuwa wanatutazama. Akaichukua sahani ya M kutoka kwa jirani aliyeishika, akaikumbatia tumboni, akaenda nayo nyumbani. Akafunga mlango.

Nilikaa kizingitini kwake. Simu ikaita. Mama. Baba alishindwa kupumua mezani akinywa chai, gari la wagonjwa limemchukua, amelazwa.

Chai ya asubuhi. Asubuhi hiyohiyo ndipo nilipokula ngano.

Naandika hapa kwa akili zangu zote: mlango wa moyo haujui kinachotokea Lemnos. Naandika tena. Mlango wa moyo haujui. Siamini ninachoandika.

Jumapili, 8 Juni

Katerina alifungua mlango alfajiri. Uso umevimba. Alikuwa amekwenda kwa padri, akamgongea, akamwambia afute jina. Padri alimwuliza kama anaumwa.

Alinipa mkate na jibini vya njiani, akanifunga kitambaa cha kichwa kwa nguvu kama mtoto anayepelekwa shule.

"Mwambie baba alimtaka. Mwambie kiti."

Nikasema nikimwambia kiti lazima nimwambie kaburi. Baba anampenda Bibi kama watu wanavyompenda Mungu. Picha yake ndiyo pekee ukutani. Kwa Baba dunia ina mzazi mmoja aliyekimbia na mmoja aliyebaki. Nikimpa baba yake nitamnyang'anya mama yake.

Katerina alifikiri. "Mimi sina mama hata sasa," akasema. "Mama alichagua yeye. Mwambie tu hilo. Mama alichagua yeye."

Kwenye ndege kiti cha pembeni yangu kilikuwa wazi. Nilimwomba mhudumu anibadilishie mahali.

Jumatatu, 9 Juni. London

Kutoka uwanja wa ndege moja kwa moja wodini. Baba na mipira puani, amepungua, vidole baridi. Upasuaji haujasogezwa. Jumatano ileile.

Alinitazama. Hakuuliza. Akauliza kama bahari ilikuwa na joto. Nikasema baridi. Akasema nimeungua pua.

Mama alinivuta hadi kwenye ukumbi, karibu na mashine ya soda. "Ukimwambia kabla ya kisu, utamwua. Mwache aingie na amani yake."

"Ana amani gani, Mama?"

"Ile aliyoizoea."

Hana kosa. Nimelichunguza neno lake kila upande na sioni kosa. Nina mdalasini mdomoni hata sasa. Nimepiga mswaki hadi fizi zimetoa damu.

Asipoamka atakuwa amekufa akidhani alitazamwa akakataliwa. Akiamka baada ya kujua, je, ataamka na nini?

Nawachukia wote. Bibi na mgomba wake. Mgiriki kwa kuamini tuta la udongo. Kama ningekuwa mimi ningefukua. Ningetaka kuona uso. Nani anamwacha mtoto wake chini ya udongo bila kutaka kumwona?

Halafu nakumbuka mkanda wa kiti.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia.

Mama alikuwa ameketi upande wa pili. Nilipoanza akasimama, nikadhani atanizuia. Akafunga pazia la kitanda, akakaa tena, akamshika Baba mguu juu ya blanketi.

Nilianza na tiketi mbili. Nilisema kiti, mkanda, magoti na suti. Nilisema Katarina si mweupe, ni rangi yake yeye. Baba aliangalia dari. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni na hakuyafuta. Kisha akauliza, "Sasa ilikuwaje?" Maana si mjinga. Baba aliyefunga mkanda wa kiti kitupu hamwachi mtoto kwa rangi.

Nikasema Rombo. Nikasema kichwa kilichonyolewa, mgomba, shati.

Alikumbuka shati. Lilikuwa na mistari. Alilitafuta aliporudi kutoka Rombo, akachapwa kwa kulipoteza.

Mashine ilihesabu mapigo yake na mimi niliitazama ile namba ikipanda na nikajiona muuaji. Mama aliomba bila sauti, midomo tu.

"Alininyima," Baba akasema. "Mama yangu alininyima baba." Baadaye kidogo, "Na kaburi bado lipo?"

"Lipo," Mama akasema. "Mzee, ukitoka hapa tutume watu wafukue. Tuchinje."

"Waache. Mgomba umeshaoza." Akavuta pumzi. "Nimezikwa na mama, nikaombewa na dada, na bado madaktari wanataka kunipasua. Mtu mmoja ana kazi nyingi."

Mama alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Kisha akasema nimpigie Katarina. Sauti tu. Hakutaka aonekane na mipira puani.

Watu wawili wanapumua. Kisha yeye akasema, "Mikaeli?" na Baba akaitika, "Ee," kama mtoto anayeitwa kutoka shambani.

Waliongea vipande. Mbwa wa Mgiriki, alikuwa na jicho moja. Mfereji. Mwalimu aliyekuwa anatema mate. Kiswahili cha Katerina kiliendelea kurudi, neno linavuta neno. Kisha akasema lile. Nilijua atalisema.

"Mama alichagua wewe. Mimi alinipa. Sina hasira. Nilitaka tu ujue mimi najua."

Baba akajaribu kuinuka. Mama akamrudisha kwenye mto.

"Katarina, sikiliza. Wewe ulikuwa bweni. Angekufikiaje? Alimficha aliyekuwa mkononi."

"Hakunililia."

"Aliuangukia mgomba. Alijua ni mgomba, aliuvisha shati mwenyewe. Unadhani alikuwa anaulilia mgomba?"

Nikasikia kiti kikiburuzwa kule Lemnos.

"Halafu unajua watu walimwitaje mama, baada yako? Mimi ndiye mtoto aliyebaki. Mimi ndiye niliyemchotea maji. Mchungaji alimwita Mama Mikaeli mbele ya kanisa zima, mama akasimama, akatoka nje. Jirani akimwita hivyo hageuki. Mama Katarina. Hadi amekufa, Mama Katarina. Msalabani tumeandika hivyo, hakuna jina lingine. Mimi nilikuwa nalia kwa wivu, Katarina. Namwuliza, na mimi je? Ananiambia, wewe uko hapa."

Nilimjua Bibi kwa jina hilo maisha yangu yote. Kijiji kizima kilimwita hivyo. Sikuwahi kufikiri ni kilio.

Kule ng'ambo kulitoka sauti ambayo si neno. Iliendelea. Baba aliishika simu sikioni kwa mikono miwili, akawa anasema, "Haya. Haya. Haya, dada," hadi nesi akafungua pazia.

Jumatano, 11 Juni

Wamemwingiza asubuhi. Alivua pete akampa Mama. Mimi alinivuta pua iliyoungua.

Naandika kwenye kiti cha plastiki. Mama anasoma Zaburi kwa kunong'ona. Katerina anapiga simu, anakata, anapiga. Nampokea, nasema bado. Anasema yuko kanisani, peke yake, padri amemruhusu aweke jina upande mwingine, kwa walio hai. Sikujua kuna upande huo.

Bado.

Bado.

Ametoka. Hajaamka. Daktari anasema mlango mpya unafunga.

Jumapili, 15 Juni

Mvua nyembamba. Mama amekwenda kanisani, mara ya kwanza kutoka hospitali bila kulazimishwa.

Baba amekaa kitini. Amekula uji nusu bakuli, akalalamika hauna ndimu. Mshono wake ni mrefu, sijauzoea.

Akaniambia, "Hebu nimwone."

Nilikuwa nimempiga Katerina picha moja tu, ile Ijumaa, anashindilia sukari, hajui natazama. Nikampa Baba simu. Akatafuta miwani, nikamvalisha. Aliishika picha karibu na dirisha. Nilidhani atalia, nikasogea.

Alitazama kwa muda mrefu. Kidole chake kilipita juu ya nywele nyeupe, taratibu, kama anayepangusa vumbi.

"Amezeeka," akasema.

Kwa sauti ya mtu aliyeshangaa kweli. Akataka kucheka, akashika kifua kwa sababu kucheka kunauma. Akaniachia miwani, simu akabaki nayo. Akafumba macho.